Kibuyu Kilivyojifunza Kulia Kama Tarumbeta: Sayansi ya Beni, Kutoka Mikindani Hadi Nyasa

Kama uliwahi kukaa Mtwara mjini Jumamosi jioni, sauti hii unaijua. Inaanza ngoma kubwa kwa mbali. Kisha pikapu inakata kona ikiwa imebeba vijana sita na matarumbeta yao, magari ya harusi yanafuata nyuma yakipiga honi, na watoto wa mtaa mzima wanatoka mbio. Mama aliyekuwa anaosha vyombo anasimama mlangoni na kanga yake, anatikisa bega kidogo, halafu anarudi kwenye beseni lake. Dakika tatu, imekwisha.

Ni mara chache tunajiuliza hizi ala zilifikaje huku. Jibu fupi ni kwamba zilikuja na jeshi. Jibu refu ndilo makala hii, na ndani yake kuna askari, wapagazi, buibui na fizikia kidogo. Usiogope hiyo fizikia, tutakwenda nayo polepole.

Niseme kwanza nilivyoingia humo. Nilisoma fizikia hadi shahada ya uzamili, na sehemu niliyoipenda kuliko zote ni sauti. Niliporudi nyumbani Mtwara nilijiunga na kikundi cha vijana kumi na mmoja tunaojaribu kupiga muziki wa beni kama ulivyopigwa miaka mia moja iliyopita. Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaofanya jambo la namna hii. Wanavaa sare za zamani, wanashika ala za zamani, wanapiga muziki wa kijeshi wa enzi hizo ili kuielewa historia kwa miili yao na si kwa vitabu tu. Wenyewe wanaita kuigiza historia. Sisi tulianza na buruji moja iliyobonyea, ngoma mbili, na ubishi mwingi.

Ubishi mkubwa ulikuwa huu: tupige kwa shaba au kwa kibuyu?

Beni ni nini hasa?

Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la bendi. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hii, kikatoka mwaka 1975. Kwa mujibu wake, beni ilianza kwenye miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Watu wa pwani walikuwa tayari wameziona bendi za Kizungu: za manowari, za misheni, za majeshi, na ile ya Sultani kule Unguja. Wakachukua mwendo wa gwaride, sare, vyeo na sauti ya shaba, wakavitia kwenye kitu walichokuwa nacho tangu zamani, yaani mashindano ya ngoma kati ya mtaa na mtaa.

Ndivyo beni ilivyosafiri. Ilipofika Tanganyika ilikuwa na vyama viwili vikubwa vilivyoshindana kila mji, Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na wafalme wake, majenerali wake na madaktari wake. Wanachama walichangiana pesa, walizikana, walisaidiana ugenini. Katika miji mingi Marini ilihesabika kuwa ya watu wenye hadhi zaidi, na Arinoti ikawa ya wengine. Kwa hiyo usidhani ilikuwa ngoma tu. Mtu angeweza kuwa tarishi asubuhi na jenerali jioni.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na hapa kusini tuliionja vibaya. Aprili 1916 Wareno waliitwaa Kionga, kile kipande cha ardhi kusini mwa mlango wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikuwa wamekichukua mwaka 1894. Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, bara ya Lindi, mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani lilipitia Newala, na tarehe 25 Novemba 1917 kamanda wake, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma pale Ngomano na kuingia Msumbiji.

Majeshi yote mawili yalitembea kwa migongo ya wapagazi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walifika makumi ya maelfu. Waliorudi makwao walirudi na beni vichwani. Upande wa Ziwa Nyasa, Tanzania na Malawi, ilizaa ngoma zinazochezwa mpaka leo, mganda na malipenga. Kwenye migodi ya shaba ya Zambia ilizaa kalela, ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu mwaka 1956. Na Unguja mpaka leo beni inazunguka mitaani kwenye harusi.

Sasa angalia ramani. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unateremka kama kilomita 800, unaishia hapa kwetu kwenye mikoko. Maji yanashuka. Ngoma ilipanda, ikielekea ziwani. Na ilipofika huko juu ilikutana na tatizo la kawaida kabisa: hakuna tarumbeta, na hakuna pesa ya kununua tarumbeta. Ndipo kilipoingia kibuyu.

Lakini ili uone ukubwa wa walichokifanya, inabidi kwanza tuelewe tarumbeta lenyewe linavyolia.

Buruji: bomba lenye noti tano

Buruji ni tarumbeta la jeshi lisilo na vibonyezo. Ukilitazama ni bomba tu lililokunjwa: huku kikombe kidogo cha kupulizia, kule mdomo mpana. Watu wengi hufikiri shaba ndiyo inayolia. Hapana. Kinacholia ni hewa iliyomo ndani. Shaba kazi yake kubwa ni kuishikilia hewa hiyo katika umbo.

Mpigaji anabana midomo na kupuliza, midomo inapigapiga kama ya farasi anayekoroma. Kila inapofunguka, kishindo kidogo cha hewa kinaingia kwenye bomba na kukimbia hadi mwisho. Sasa hapa kuna jambo la ajabu: kikifika kwenye uwazi wa mbele, hakitoki chote. Sehemu yake inagonga ile hewa huru ya nje na kurudi nyuma, kama wimbi la bahari linavyogonga ukuta wa gati. Kikirudi kwenye midomo wakati mwafaka, kinaisaidia kufunguka tena. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukisukuma kwa wakati wake, bembea inapanda. Ukisukuma ovyo, inakufa.

Kwa hiyo bomba lina nyakati zake, na midomo haina budi kuzifuata. Masafa yanayokubaliwa na bomba la tarumbeta yanajipanga kwa hesabu rahisi. Tuseme namba ya msingi ni hezi 116, yaani mitetemo 116 kwa sekunde. Yanayofuata ni mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea: 232, 348, 464, 580, 696. Hizi zinaitwa harmoniki. Ile ya kwanza haitumiki kijeshi, na zile za juu sana ni ngumu kuzipata. Zinabaki tano, ya pili hadi ya sita.

Tano tu! Amri zote za kambini zilizopigwa kwa buruji, za kuamka, kula, kukusanyika, kushambulia na kulala, zimejengwa kwa noti hizo tano. Ndiyo maana buruji zote duniani zinafanana kidogo, ziwe za Mjerumani, za Mwingereza au za JKT. Wala si suala la kuigana. Bomba ndilo lililoamua.

Wazungu wenyewe walichoshwa na noti hizo. Mwaka 1818 Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza ya vibonyezo kule Prussia. Ukibonyeza, hewa inapitishwa kwenye kipande cha ziada cha bomba, bomba linakuwa refu, sauti inashuka. Kwa vibonyezo vitatu unapata noti zote za wimbo wa kawaida. Hayo ndiyo matarumbeta ya harusini kwako. Lakini ni ala ya mafundi: ina vyuma vinavyosuguana, inahitaji mafuta, na ikipata kutu huku pwani hujui uipeleke wapi.

Sikio linaitambuaje shaba?

Swali jingine. Mtu akipuliza tarumbeta nyuma ya ukuta, wewe usimwone, unajuaje kwamba ni tarumbeta na si filimbi?

Kila sauti ya ala ina masafa yake ya msingi, na juu yake kuna harmoniki zilizopandana kama ghorofa. Kinachotofautisha ala na ala ni ghorofa zipi zina nguvu. Hilo lilijulikana zamani. Lakini katikati ya miaka ya 1960, mwanafizikia na mtunzi wa muziki Mfaransa Jean-Claude Risset alipokuwa kwenye maabara za Bell huko Marekani, alijaribu kutengeneza sauti ya tarumbeta kwa kompyuta. Akapanga ghorofa zote kwa vipimo sahihi. Ikatoka sauti bapa isiyo na uhai.

Siri aliyoigundua ni hii: katika shaba, ghorofa za juu hazikai mahali pamoja. Ukipuliza polepole zinakuwa chache, sauti inakuwa laini, karibu kama mtu anayeguna. Kadiri unavyoongeza nguvu, ghorofa za juu zinaongezeka kwa kasi kuliko za chini, na sauti inakuwa kali, inachana. Sikio linasubiri uhusiano huo. Nguvu ikipanda na ukali upande. Ukiuweka, sikio linasema "shaba". Ukiuondoa, linakataa.

Sababu mojawapo ya kimaumbile ilikuja kuonyeshwa wazi mwaka 1996 kwa tromboni: ikipulizwa kwa nguvu sana, wimbi ndani ya bomba linajikunja na kusimama wima kama wimbi la bahari linalokaribia kuvunjika ufukweni. Wimbi lenye ukingo mkali namna hiyo limejaa harmoniki za juu. Ndiyo ile sauti ya kuchana.

Shika sentensi moja tu kutoka sehemu hii: shaba ni nguvu inayogeuka kuwa ukali. Tunakwenda nayo kwenye kibuyu.

Kibuyu, nta na nyumba ya buibui

Ala ya malipenga inatengenezwa hivi. Unachukua kibuyu kikavu chenye shingo, unakikata mdomo upande mmoja. Unatoboa tundu la kuimbia. Unatoboa na tundu jingine dogo, hilo unaliziba kwa utando mwembamba sana, na kazi hiyo hufanywa na buibui. Si ule uzi wake wa kunasia nzi. Ni kile kitambaa cheupe bapa anachokibandika ukutani kufunika mayai yake. Sisi tulikibandua taratibu kwenye kuta za banda la mnazi na kukigandisha kwa nta.

Halafu hupulizi. Unaimba. Unaweka mdomo kwenye tundu na kuimba "duu" au "taa", na kile kitambaa kinatetemeka.

Sasa tazama kinachotokea. Ukiimba polepole utando unayumba mbele na nyuma bila shida, sauti inatoka karibu ilivyo. Ukiongeza nguvu, utando unafika mwisho wa mwendo wake, unakakamaa, unagongagonga ukingo wa tundu. Wimbi lililoingia likiwa na mabega ya mviringo linatoka likiwa na kingo kali. Na kingo kali ni nini? Ni harmoniki za juu. Nguvu imegeuka kuwa ukali.

Umeona? Hakuna bomba la mita moja na nusu, hakuna shaba, hakuna kikombe cha kupulizia. Karibu kila sehemu ya tarumbeta imetupwa, ila ile moja ambayo sikio linaitafuta. Risset aliifikia kwa kompyuta. Watu wa Nyasa waliifikia kwa kibuyu, miaka mingi kabla yake, kwa kusikiliza tu.

Wala hawakuanza sifuri. Utando wa kutia mvumo ni ufundi wa zamani katika sehemu zetu za Afrika. Ilimba ya Wagogo ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti izizime. Timbila, marimba makubwa ya Wachopi wa kusini mwa Msumbiji, yana vibuyu vyenye utando chini ya kila ubao. Kipya kilikuwa shabaha: walichukua ufundi waliokuwa nao na kuulenga kwenye sauti ya jeshi.

Na hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Buruji ina noti tano, lakini koo la binadamu halina mipaka hiyo. Mwimbaji wa kibuyu anaweza kuteleza kutoka noti hadi noti, anaweza kupiga wimbo wa kwao wenye mwendo wa kwao, na bado ukasikika kama bendi ya jeshi. Vibuyu vikubwa vinatia nguvu sauti nzito, vidogo vinatia nguvu nyembamba, na ukivipanga watu ishirini una bendi nzima. Kwa hiyo nakala ilikuwa na uwezo ambao buruji haikuwa nao.

Kwenye kikundi chetu tulijaribu jambo dogo. Tulijificha nyuma ya ukuta wa uwanja, tukapiga mwendo uleule mara mbili, kwanza kwa tarumbeta lenye vibonyezo, kisha kwa vibuyu sita. Mama ntilie aliyekuwa upande wa pili hakushtuka mara ya kwanza. Mara ya pili akapaza sauti: "Jamani, matarumbeta ya harusi ya nani hayo?" Sisemi huo ni utafiti. Lakini wale wenzetu waliokuwa wanadharau vibuyu walinyamaza siku nzima.

Jua, mchanga na hatua

Faida ya kuigiza historia ni kwamba mwili unakuuliza maswali ambayo kitabu hakikuulizi. La kwanza lilikuwa joto.

Mwendo wa sauti hewani unategemea jotoridi. Kwenye nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 32, ambazo si ajabu Mtwara mchana wa Januari, ni kama mita 350. Ongezeko ni asilimia 2 hivi. Sauti ya bomba inapanda kwa kiasi hichohicho, na asilimia 2 ni karibu theluthi moja ya nusu-toni. Pumzi ya mpigaji nayo inapasha hewa ya ndani, kwa hiyo tofauti halisi inakuwa ndogo kuliko hiyo ya kitabuni. Lakini tarumbeta lililolazwa juani na lililokaa kivulini yakianza pamoja, wallahi utasikia ugomvi.

Kibuyu hakina tatizo hilo. Sauti yake inatoka kwenye koo, na koo halibadilishwi na jua. Kinachokisumbua ni mate na unyevu. Utando ukilowa unalegea, mvumo unakufa. Siku zenye upepo wa bahari tunabadilisha utando kila baada ya nyimbo chache. Zamani ungesema weka kipande cha rambo, lakini rambo zilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo asiyetaka kusumbua buibui anatumia nailoni nyembamba ya kufungia mkate. Inafanya kazi, ingawa mvumo wake ni wa kukwaruza zaidi.

Ngoma nayo inajua hali ya hewa. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea na sauti inashuka, ndiyo maana wapigaji wetu wa kusini huiotesha moto kabla na katikati ya mchezo. Wageni wakiona wanadhani ni tambiko. Ni kukausha ngozi.

La mwisho lilikuwa hatua. Mwendo wa gwaride ni kama hatua 110 hadi 120 kwa dakika, yaani nusu sekunde kwa hatua. Sauti inatumia sehemu ya kumi ya sekunde kwenda mita 35. Ukiwa na msafara wa mita 70 na ngoma kubwa iko mbele kabisa, watu wa nyuma wanaisikia ikiwa imechelewa kwa karibu nusu ya hatua. Wao wanajiona wako sawa, lakini mtazamaji wa pembeni anaona miguu inapishana. Tulihangaika wiki nzima tukidhani wenzetu wa nyuma ni wazito. Kumbe tulihitaji tu kuhamishia ngoma katikati ya msafara.

Kwa hiyo, shaba au kibuyu?

Narudi kwenye ubishi. Wenzetu watano walitaka shaba na sare kamili: kaki, vifungo, kofia ya askari wa Mjerumani yenye kitambaa cha kuangukia shingoni, na bendera mbele. Hoja yao ilikuwa nzuri. Kama ni historia, iwe sahihi, usichague vipande unavyovipenda. Sita tulisitasita. Tukawa na Marini na Arinoti wetu, na mara mbili nusura kikundi kivunjike.

Tukaenda Mikindani kumwona mzee mmoja ambaye ukoo wake uko pale miaka mingi. Tulimkuta kibarazani, si mbali na lile boma ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Tukamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba, akatusikiliza bila kutukatiza. Mwenzetu akamwonyesha kwenye simu picha ya sare tuliyotaka kushonesha. Aliitazama muda mrefu.

"Wajukuu zangu," akasema, "mnataka kuwa askari, au mnataka kucheza ngoma?"

Hatukuwa na jibu. Akaendelea: "Babu yangu mimi hakubeba bunduki. Alibeba mzigo wa mwenye bunduki. Hiyo kofia aliiona kwa nyuma, njia nzima."

Kimya kilichofuata bado nakikumbuka. Jeshi lile ndilo lililovunja Maji Maji kati ya mwaka 1905 na 1907, likachoma maghala ya chakula mpaka kusini nzima ikaonja njaa. Askari wake walikuwa Waafrika wenzetu, na baadhi yao walicheza beni kwa furaha. Yote mawili ni kweli. Huwezi kuvaa kofia ile barabarani Mikindani ukasema ni vazi tu.

Lakini pia sikubaliani na wanaosema beni yote ni kasumba, ni watu kuiga mabwana zao. Wakati ule watawala wa Kiingereza na wamisheni waliitazama kwa shaka, wengine wakiona ni mchezo wa kitoto, wengine wakihofia kwamba vyama hivyo vina siri. Wote walikuwa wanatazama sare. Fizikia inanifanya nisikilize kibuyu. Mtu anayeiga tu hutengeneza kitu kinachofanana kwa macho. Hawa waliacha umbo, wakaacha madini, wakaacha hata kupuliza, wakashika uhusiano mmoja kati ya nguvu na ukali, kisha wakautumia kuimba nyimbo zao wenyewe. Kwangu huo ni uchambuzi wa sauti. Haukuandikwa kwenye jarida, uliandikwa kwenye kibuyu.

Basi tulikubaliana hivi. Tunaanza na buruji moja, inapiga noti zake tano ili watu wasikie kilichosikika kambini. Halafu inanyamaza, na vibuyu vinaingia. Mavazi ni shati jeupe na kaptula, kama wanavyovaa wachezaji wa mganda. Vyeo tumebaki navyo, kwa sababu beni bila jenerali si beni. Jenerali wetu ni dada anayeuza samaki soko la Feri, na hakuna anayethubutu kuchelewa mazoezi. Wenzetu wawili kati ya wale watano hawakuridhika na wakaondoka. Nawaelewa, na mmoja wao bado anatuazima ngoma yake.

Jaribu nyumbani

Huna haja ya kuniamini. Tafuta mpira wa kumwagilia bustani wenye urefu wa mita moja na nusu. Chupa ya maji ya plastiki ikate sehemu ya juu, shingo yake ichomeke kwenye mwisho mmoja wa mpira, hapo umepata mdomo mpana. Upande wa pili bana midomo na upulize kama farasi anayekoroma. Utapata noti moja. Kaza midomo, itaruka hadi nyingine bila kupita katikati. Hizo ndizo harmoniki, na sasa una buruji ya shilingi elfu mbili.

Kisha chukua kipande cha bomba la plastiki, toboa tundu dogo pembeni, liziba kwa nailoni ya mkate na gundi, uimbe ndani. Anza kwa sauti ya chini, panda polepole, usikilize ni wapi sauti yako inapoacha kuwa yako na kuanza kuchana.

Ukifika hapo, umefika mahali ambapo mpagazi mmoja, akiwa amerudi kwake na mgongo unaouma, aliweka kibuyu mdomoni na kuisikia bendi nzima.